Sikio la Gereji

Otia hakusema gari linanguruma.
Alivua kofia, akakung'uta mvua ya Kutaisi mlangoni,
akasema, "Linalia kama mzinga uliofiwa na malkia."
Ni mfuga nyuki. Hana namna nyingine ya kusikia.

Fundi wa kule karibu na soko alishatoa hukumu:
giaboksi imekufa, tafuta nyingine, andaa pesa.
Otia akaanza kuhesabu mizinga ya kuuza,
kumi na mmoja, kumi na miwili,
vidole vikagoma kuendelea.

Baba akazima redio.
Ndilo swali lake la kwanza kwa gari lolote: ukimya.
Kisha P. Kisha R, N, D, mguu kwenye breki,
kila herufi akiingoja kidogo
kama aliyebisha hodi na sasa anasikiliza
nani ndani atavuta komeo.

Kwenye P, ngo-ngo-ngo,
mbio likipigwa resi, taratibu likiachiwa.
Kwenye D ikafifia,
kama mgomvi aliyetwishwa gunia.
"Kelele inayofuata magurudumu itafute nyuma," alinifunza zamani,
"inayofuata injini itafute mbele.
Na usimwamini anayekupima huku anauza giaboksi."

Akaingia uvunguni na bisibisi ndefu,
ncha kwenye chuma, mpini wa mti kati ya meno.
Miaka arobaini ya nyundo na misumeno ya chuma
ilimchukua sikio la kushoto lote,
na la kulia ikalidonoa sauti nyembamba:
mluzi wa birika, nyenje, simu mfukoni,
kicheko cha mama akiwa chumba cha pili.
Meno yalibaki. Mfupa nao husikia.

Konveta yao ilishikwa na bolti nne
kwenye sahani ya flaiwili.
Moja haikuwepo. Mbili zilikuwa zinacheza.
Gari liligongwa Amerika, likafufuliwa Rustavi,
na aliyelifufua alikuwa na haraka ya chakula cha mchana.
Tukaweka mpya, tukakaza zote.
Baba akauma mpini tena,
akatoa kidole gumba uvunguni, kimejaa grisi.
"Limepona."

Halikupona.
Chini ya mngurumo, nyembamba kama uzi
unaotafuta tundu la sindano,
niiiiiii,
ikipanda na resi, P, N, D, haibagui.
Niliisikia. Nikachukua spana iliyokuwa safi, nikaifuta.
Sikio halizidi kichwa, nikajikumbusha,
na mbele ya mteja sikio linyamaze.

Otia ndiye aliyeinamisha shingo.
"Bado. Huyo ni malkia mchanga," akasema,
"hajatoboa chumba chake, anapiga kelele humo humo.
Nyumbani nikimsikia silali."

Baba akaitazama midomo yake, kisha yangu.
Hakuuliza kama ni kweli.
"Tamuna. Ikoje?"

Nikaiimba. Miaka ishirini na sita, ovaroli ya watu wawili,
katikati ya gereji naimba niiiiiii
na mfuga nyuki anatikisa kichwa: juu, juu kidogo.
Baba akavua glavu, akaweka vidole viwili kooni pangu,
pale alipopapasa mafindofindo nilipokuwa mdogo.
"Likipigwa resi?"
Nikaipandisha.
"Likiachiwa?"
Nikaishusha, pumzi ikakata njiani, nikakohoa,
akangoja, nikaanza upya.
Vidole vya baridi, vinanuka oili iliyoungua.

"Filta," akasema. "Imeziba, pampu inanyonya hewa.
Fungua sampu. Na ile oili usimwage, niione rangi."
Halafu akanipa bisibisi, mpini mbele,
bila kunitazama.

Nikauweka sikioni.
Ulikuwa na vijishimo vya meno yake, pande mbili,
na bado ulikuwa na mate.